Bi Holroyd Anazungumza Kutoka Ng'ambo

Jumatatu, 1 Machi 1954

Kazi ya kuandika wamempa Edna Sugden! Chama chetu cha Waumini wa Roho, sisi tunaozungumza na wafu hapa Cleggthorpe, kinatimiza miaka sitini, na kamati inataka historia yake isomwe siku ya sherehe. Miaka kumi na saba napiga kinanda katika ukumbi ule wenye baridi. Edna ana miaka sita tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone? Mwenyeji ni mimi, na naumwa!

Edna akatusomea mwanzo wake. Wafumaji wanne, jikoni kwa Hannah Greenwood, mwaka 1894. Kila mmoja kafiwa na mtoto. Wameketi mezani wakiomba neno moja tu kutoka ng'ambo ya kaburi. Shabaha yetu hadi leo, akasema, ni kumwambia aliyefiwa kwamba waliovuka hawajapotea. Watu wakalia. Hata mke wangu Nellie! Nilipiga makofi kwa vidole viwili.

Jumatano, 3 Machi

Chakula hakipiti. Si wivu, ni uchungu wa haki. Haya, ni wivu.

Lakini nimepata njia. Kamati haiwezi kumbishia aliyevuka. Jumapili, baada ya ibada, tukikaa kimya kungoja ujumbe, nitapandwa na roho ya mtu wa zamani, naye atanitaja mimi niwe mwandishi. Nani? Bi Ada Holroyd, mwalimu wa kwanza wa watoto wetu. Alihamia mji wa pwani, Morecambe, kabla ya vita, hajasikika tena. Angekuwa na miaka themanini na nane. Bila shaka kavuka.

Nimejizoeza sauti yake mbele ya kioo. Nellie akauliza nani kamkanyaga paka.

Jumapili, 7 Machi

Aibu! Aibu tupu!

Nilitetemeka vizuri sana. Nikasema kwa sauti nyembamba kwamba mimi ni Ada, niko nuruni, na historia aiandike Wilfred wa kinanda. Mwenyekiti, Mzee Barraclough, akainamisha kichwa. Edna akauliza kwa upole nilivuka lini. Nikajibu mwaka thelathini na nane, ugonjwa wa kifua.

Edna akaenda kufungua mlango wa jikoni. Kumbe alikuwa amemwalika Bi Ada mwenyewe, aje kuhakikisha tarehe za historia! Huyo hapo, mzima, mkate wa jibini mkononi.

"Nimekufa mimi? Mngeniambia mapema, nisingehangaika na basi! Na wewe Wilfred, kama nimo humo kichwani mwako nitoe upesi, nitapata baridi."

Ukumbi ulicheka mpaka vikombe vikagongana. Edna peke yake hakucheka. Akanishika mkono, akasema chama hiki kiliundwa kwa ajili ya wenye maumivu. Akanipa ukurasa mmoja wa historia yake niandike habari za kinanda. Ukurasa mmoja! Afadhali angenicheka. Hata kwa wema ananishinda.

Jumatatu, 8 Machi

Nellie anasema niuandike ukurasa wangu, nimshukuru Edna, nikamwombe radhi Bi Ada, na yaishe. Nimekiri kwamba nilikosea. Sikufanya uchunguzi wa kutosha.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda makaburini na penseli. Nimempata Joss Ackroyd, katibu wetu wa kwanza, mwenye sauti nzito, kavuka tangu 1921. Jina lipo, tarehe ipo. Nimemwuliza mchimba makaburi mara mbili. Ameapa kwamba yumo.