Ajenda Iliyokusanya Kila Kitu

Jumatatu, 14 Julai 2025

Mashine ya kukoboa imesimama tangu asubuhi. Mkanda umekatika na wa akiba hakuna. Nilikuwa nimeandika ununuliwe! Niliandika vizuri kabisa, neno KAZI mwanzo wa mstari kama inavyotakiwa. Tatizo ni faili nililoandikia.

Programu yangu ya kuandikia ina sehemu inaitwa ajenda. Kila asubuhi inapita kwenye mafaili niliyoitajia, inaokota kila mstari wenye KAZI na tarehe ya leo, inaupanga. Mimi nachapa, nabandika ukutani. Faili nisilolitaja hailigusi. Mkanda ulikuwa kwenye faili nisilolitaja.

Mzee Abdillah, mwenye mashine, amesema mbele ya wateja kwamba muda wangu wa majaribio kazini unaisha Ijumaa. Akaongeza kwamba Amira wa kaunta anaandika kazi zake kwenye kiganja, kwa kalamu ya bic, na hajasahau kitu tangu aajiriwe. Amira akanipungia kile kiganja. Kisha akapiga simu moja, mkanda ukaazimwa mashine ya jirani. Simu moja!

Wakinikataa narudi nyumbani Usevya na stashahada yangu, nikalime mpunga. Baba ameshaniwekea mpini mpya kwenye jembe. Anasema ni utani.

Jumanne, 15 Julai

Nimewaza kutwa. Kosa si langu. Ni la utaratibu. Kwa nini ajenda isubiri kuonyeshwa njia kama mgeni? Iende yenyewe! Iingie kila folda ya kompyuta ya ofisi. Na kazi isiyo na tarehe? Ndiyo hiyo inayosahauliwa siku zote. Basi isiyo na tarehe ihesabiwe ni ya leo.

Jioni nimebadilisha mistari michache tu. Nikabonyeza.

Mungu wangu! Skrini ilijaa kama Mto Katuma mvua zikishuka. Kazi za mwaka jana. Kazi za mwaka juzi. Kazi za karani aliyenitangulia, mojawapo ikisema: KAZI: kutafuta kazi nyingine. Zinashuka tu, na mimi nimesimama, mkono kifuani, kama niko kanisani. Sikusoma hadi mwisho. Sikuthubutu. Ukuu wa namna ile mtu anautazama kwa mbali.

Jumatano, 16 Julai

Andika polepole, Ponsian.

Mzee aliondoka alfajiri na gari lake kwenda Karema, kuangalia mchele wake uliopakiwa kwenye boti. Aliacha sheria yake ileile: kilichopo ukutani kifanywe, na mtu asimpigie simu kumuuliza maswali.

Nikachapa. Karatasi tatu! Amira alizitazama, akaficha kiganja mfukoni. Ushindi! Nikapanda lori kwenda Kabungu kupokea mpunga, roho kwatu.

Nimerudi saa kumi. Mashine imefungwa. Ngusa, fundi wetu, kakaa kizingitini, kofia mkononi. Akanipa pole. Nikauliza ya nini. Akasema bosi hatunaye tena.

Nililia. Nililia kuliko ndugu. Ngusa akanishika mkono hadi nyumbani kwa Mzee. Turubai mbili. Viti vya kukodi. Masufuria yanachemka. Shehe yupo. Vijana wa msikitini walikuwa wanarudi kutoka makaburini na majembe. Kaburi tayari, kando ya marehemu baba yake, kama ilivyoagizwa. Mwili ukifika kutoka Karema, ni kuosha, kuswalia na kuzika.

Kama ilivyoagizwa na nani? Ngusa alinishangaa. "Si karatasi yako, karani? Ile ya tatu."

Ya tatu.

Mzee ni Mwislamu makini. Wasia wake umeandikwa siku nyingi, kwenye kompyuta ya ofisi, kwa kidole kimoja. Na kwa kuwa karani aliyenitangulia aliwafundisha wote kuanza na KAZI, alianza na KAZI. KAZI: kumjulisha shehe. KAZI: kuchimba kaburi kando ya baba. KAZI: turubai mbili, zisipungue. Hazina tarehe. Tarehe angeijuaje?

Nikamuuliza Ngusa, kwa nini hawakupiga simu? Akasema sheria ni sheria. Ila kuna mmoja alivunja sheria akapiga, na Mzee hakupatikana. Ndipo wote walipoamini kabisa.

Nilijaribu kusema. Wallahi nilijaribu, na mimi ni Mkatoliki. Nilimwendea Bi Zubeda, mke wa Mzee, nikafungua mdomo. Wanawake wakasema niachwe nilie, nitoe uchungu. Amira akaniletea maji na kuniambia, kwa upole nisioujua, "Jikaze, kaka."

Magharibi gari likaingia. Kilio kikapaa. Wanaume wakalikimbilia kupokea mwili. Mlango ukafunguka, mwili ukashuka wenyewe, umebeba mfuko wa samaki, migebuka, ukauliza nani amefariki.

Shehe alianza dua akaiacha katikati. Ngusa alikimbia, akaacha viatu. Bi Zubeda alimpiga mumewe kofi, akamkumbatia, kisha akamuuliza kwa nini kachelewa.

Mimi nilijificha nyuma ya sufuria la wali.

Alhamisi, 17 Julai

Begi nimefunga. Mzee kaniita. Karatasi ya tatu mkononi mwake. Nikamwamkia shikamoo mara mbili.

Akasema ametoka makaburini. Ameliona. Limechimbwa vizuri sana.

Akauliza ni kweli yote yalifanyika kwa siku moja, bila mtu kukumbushwa? Nikasema ndiyo, Mzee. Akasema paa la stoo linavuja tangu masika. Lilikuwa kwenye karatasi ya kwanza. Hakuna aliyelipandia hata ngazi. "Ila kaburi langu, mwanangu, mmelimaliza kabla ya magharibi."

Kisha, kwa sauti ndogo, akauliza kama watu walikuwa wengi kweli. Nikamwambia walijaa hadi barabarani. Hata jirani aliyegombana naye kuhusu mpaka wa kiwanja alikuja, na ndiye aliyelia akagaragara. Mzee akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

Ameamuru ajenda irudi kukusanya kwenye mafaili niliyoyataja tu. Na wasia wake asiuone tena ukutani. Kuhusu mkataba hakusema neno.

Ijumaa, 18 Julai

Nimethibitishwa! Mzee kawaambia wote kwamba karani anayeweza kumzika mchana mmoja, yeye akimwacha aende kwa mfanyabiashara mwingine atakuwa mjinga. Amira ameandika kitu kwenye kiganja. Amekataa kunionyesha.

Nimetii. Ajenda inakusanya kwenye mafaili yaliyotajwa tu. Lakini wasia ni wasia, siwezi kuuacha usahauliwe kama ule mkanda. Nimeliongeza faili lake kwenye orodha. Nimewaza sana, na nimeona kosa lilikuwa moja tu: haukuwa na tarehe.

Nimeupa tarehe. Mbali kabisa: 16 Julai mwakani. Ujirudie kila mwaka. Na wiki moja kabla, simu ya Mzee ilie kengele, ajiandae.

Sijamwambia. Nataka afurahi siku yenyewe ikifika.