Chupa Kumi na Mbili za Lovina

Jumanne, 6 Agosti

Siku tano zimebaki. Kwetu hatujengi kanisa; ibada huzunguka nyumba hadi nyumba kila wiki ya pili, na Jumapili hii ni zamu yetu, ghalani kwetu. Watu mia na hamsini juu, ng'ombe ishirini na wawili chini ya sakafu hiyo hiyo. Nzi ndio usiseme.

Mwaka jana zamu yetu ilipofika, nzi aliingia kinywani mwa Askofu Atlee katikati ya mahubiri. Akammeza. Askofu alisamehe, lakini mke wangu Lovina alijifungia ndani ya chumba cha maziwa akalia hadi kahawa ya wageni ikapoa. Nikamwahidi kwamba zamu ijayo hataona hata nzi mmoja. Na mimi Mahlon Troyer nikisema nimesema.

Asubuhi kaja shemeji Ferman, kaka yake Lovina. Fundi viti, hana hata ng'ombe mmoja, karakana yake safi mpaka inaudhi. Eti tukizidiwa, ibada ihamie kwake. Eti kwake nzi watafuata nini shemeji, mbao? Kwa upole wake ule! Nikamwambia asijisumbue. Lovina akasema atangoja hadi Ijumaa mchana tu; nzi wakiwa bado wapo, ibada inakwenda kwa Ferman. Akaongeza kuwa chokaa ya kupaka kuta ipo, brashi zipo mbili, na samadi haijizoi yenyewe. Chokaa! Mtu anawaza mambo makubwa, anapewa brashi.

Jumatano, 7 Agosti

Mtego tayari! Chupa ya kioo, kifuniko kimetobolewa, ndani faneli ya karatasi. Nzi anaingia, kutoka thubutu.

Kazi ilikuwa chambo. Cha kwanza, molasi tupu: nzi watano, nyigu wawili. Cha pili, molasi na hamira: nzi thelathini. Cha tatu, molasi, hamira, maziwa yaliyochacha na vichwa vya samaki wa bwawani, vyote vikakaa juani kutwa. Nilipofungua, farasi aligeuza uso. Hapo nikajua nimepata.

Chupa ni za Lovina, zile za kusindikia pichi. Nimechukua kumi na mbili tu, za nyuma kabisa ya rafu. Zina herufi zake chini, L.T., kwa rangi nyekundu, maana wanawake wa kwetu hutia alama kila chombo wanachopeleka kwenye chakula cha ibada, kisipotelee jikoni kwa wengine. Pichi haziji mpaka wiki ijayo. Hatagundua.

Alhamisi, 8 Agosti

Jamani!

Nimetundika zote kumi na mbili ghalani. Wakaja. Wakaja wa kwetu, wakaja wa nguruwe wa jirani ng'ambo ya barabara, wakaja wengine sijui hata wametoka wilaya gani. Chupa zikajaa, waliokosa nafasi wakakaa darini kungoja. Lovina akapanda ngazi, akatazama, akaziba pua kwa aproni, akashuka.

Nikakimbiza gari la farasi hadi duka la vyakula vya mifugo. Muuzaji alicheka mpaka akashika kaunta. Akaniuliza, wewe bwana, chambo si kinavuta? Unawaalika sebuleni halafu unashangaa wamekaa? Akasema mtego hutundikwa nje, mbali na jengo. Mbali! Mbona hakuna aliyeniambia? Akanionyesha: imeandikwa kwenye kila mtego anaouza. Mimi sisomi mitego ya watu. Mimi natengeneza.

Ijumaa, 9 Agosti

Mbali, lakini wapi? Nimewaza wakati wa kukamua. Jibu likaja kwenye ng'ombe wa tisa: nyuma ya karakana ya Ferman, ng'ambo ya malisho! Leo kaenda mjini kupeleka viti. Halafu si alijisifu hana nzi? Basi nimempatia.

Chupa zote ziko chini ya ukingo wa paa lake, zimefichwa na mzabibu. Kila moja nimeiongezea vichwa viwili vya samaki. Kufika saa kumi ghala langu lilikuwa limeanza kupungua nzi. Nilipiga mluzi njia nzima. Lovina hakuwepo nyumbani tangu mchana. Aliporudi alisema alikuwa na jambo na mtu barabarani. Sikuuliza. Nilikuwa na furaha zangu.

Jumamosi, 10 Agosti

Hakuna hata nzi mmoja! Nimetafuta mpaka nyuma ya mihimili. Nikamwita Lovina. Akasimama katikati ya ghala, akageuka huku na huku, akafuta machozi kwa ncha ya aproni. Akasema nimetimiza ahadi. Moyo wangu ulijaa.

Kisha akasema inasikitisha, maana jana mchana, saa ilipotimia, alimsubiri Ferman barabarani akamkubalia. Gari la mabenchi ya ibada limeshakwenda kwake.

Kwa Ferman.

Nilipaswa kumwambia pale pale. Lakini alikuwa ametabasamu, na sijaona tabasamu lile tangu masika. Nikaenda mbio kusaidia kupanga mabenchi, nipate kuchomoka nyuma nizitoe chupa. Mara ya kwanza Ferman kanipa benchi. Mara ya pili kanipa ufagio. Mara ya tatu kaniuliza kama tumbo linanisumbua. Akanisindikiza mpaka chooni akanisubiri nje, shemeji mwenye huruma. Chupa ziko pale pale.

Jumapili, 11 Agosti

Madirisha yote wazi kwa joto. Wimbo wa kwanza, nzi kumi. Wa pili, sikuweza tena kuhesabu. Askofu Atlee alihubiri mkono mdomoni kama mtu wa jino bovu. Alipoutoa ili aombe, akammeza wake wa pili.

Ferman akafuata mlio wa nzi hadi nje. Akarudi na chupa, akaiinua juu kwa mshangao. Watu wote wakaona chini yake: L.T., nyekundu.

Nyuso zote zikamgeukia Lovina. Yeye akatazama mikono yake.

Nikasimama. Nikasema ni mimi, yeye hajui lolote, chupa nimeiba. Na zingine kumi na moja ziko kwenye mzabibu. Nikaungama mbele ya watu wote, na nzi mmoja juu ya pua yangu. Sikumfukuza.

Jumatatu, 12 Agosti

Wamenisamehe. Ibada ijayo nayo ilikuwa iwe kwa Ferman, lakini karakana inanuka hadi viti, kwa hiyo Askofu ameamua hiyo ya tarehe 25 iwe ghalani kwetu.

Baada ya chai ya asubuhi Lovina alitoa brashi zote mbili. Kisha akasema hakuwahi kutaka nzi waishe wote. Alitaka tu mtu wa kushika brashi ya pili. Niliona aibu kweli kweli. Nikaichukua. Tumepaka ukuta mmoja pamoja, tukiimba. Kisha akaenda kuosha chupa, akaniachia ndoo.

Chokaa inachelewa kukauka. Ndipo nikawaza: ikichanganywa na molasi, nzi si atatua, atanata, basi, kwisha habari? Ukuta mzima utakuwa mtego! Nimemimina galoni mbili.

Ndoo ilikuwa na L.T. chini. Nimezikwangua herufi kwanza. Asiseme mtu kwamba sijifunzi.