Jani la Isale kwa Absalom

Jumatatu, 2 Mei 2005

Modestus kapiga simu. Jumamosi anamuaga bintiye Glory anayekwenda kuolewa, bustanini kwake kule Mansfield, hapahapa Texas, na ndafu atachoma Absalom. Absalom! Mtu anayechoma mbuzi kwa gesi! Kisha kibaya zaidi: nisifike kabisa. Absalom kasema akiniona tu, anabeba jiko lake anaondoka. Kosa langu? Pasaka nilisema mbele za watu kuwa nyama yake ni tairi. Ilikuwa tairi! Modestus ananibembeleza, mzee mwenzangu, omba radhi, neno moja tu. Mimi Melkiori? Nimechoma ndafu Kibosho nzima Absalom hajaota meno. Siombi.

Lakini Glory ni mtoto wangu wa ubatizo. Nilimshika mimi. Aagwe mimi sipo?

Jumanne, 3 Mei

Wazo limekuja nikiwa kazini! Nasafisha ofisi za watu wa kompyuta, Richardson. Kwetu Uchaggani ukiletewa jani la isale, unasamehe. Upende usipende. Na mletaji si lazima aseme neno! Nani kama mimi? Darasa la tatu tu, lakini kichwa!

Na isale ipo, pale mlangoni, kwenye chungu kikubwa. Naimwagilia maji mwenyewe, mwaka mzima haijaangusha hata jani. Mkono wangu huo. Wenye ofisi wanalalamika zulia linaloa, wameshaita fundi bomba mara mbili. Hawa watu hata kutafuta kinachovuja hawajui.

Alhamisi, 5 Mei

Nimekata jani. Gumu ajabu! Kisu kimeshindwa, nikatumia mkasi. Halikutoa utomvu hata tone. Msimamizi wetu, mama wa Kimeksiko, kanikuta nalo mkononi. Kacheka mpaka kashika ukuta, kasema mengi kwa Kihispania. Nikaitikia. Pongezi hizo.

Nyumbani, Vickery Meadow, binti yangu Truphosa kagoma kunipeleka Mansfield. Ati, Baba, si useme tu sorry yaishe. Nimemwambia yeye aendeshe gari, mambo ya wazee awaachie wazee. Kakubali. Jani nimelifunga kwenye taulo mbichi lisinyauke.

Jumamosi, 7 Mei

Ushindi! Ushindi mtupu!

Nimeingia bustanini. Absalom kasimama kwenye jiko lake na aproni yake ya bendera ya Texas. Nikamnyooshea jani, mdomo nimefunga. Akalipokea kwa mikono miwili. Machozi yakamlengalenga, mzee wa watu! Halafu akalikunja kidogo. Likajinyoosha lenyewe. Akalikunja tena. Akaniuliza, wewe Melkiori, hili si plastiki?

Nikamjibu isale ya Marekani ndivyo ilivyo, imara.

Zogo! Vijana wanajishika mbavu. Absalom anafoka kuwa hasamehi, plastiki haihesabiki, nimemtukana mara ya pili. Akaanza kuvua aproni. Mbuzi bado yuko motoni! Modestus kashika kichwa. Glory akalia, wanja wote mashavuni, akisema bila baba yake wa ubatizo haendi popote.

Ndipo Bibi Theodora, mama yake Modestus, akagonga fimbo. Akamuuliza Absalom, mwanangu, umelipokea kwa mikono mingapi? Miwili, akajibu. Basi umeshasamehe, akasema bibi, ungetaka kulikagua ungelikagua kabla ya kupokea. Vaa nguo yako ya jikoni, mbuzi anaungua.

Amevaa! Kasaga meno, lakini amevaa. Na mimi sikusema neno hata moja la radhi!

Glory akafuta uso, akanishika mkono, akasema ndafu nikate mimi. Kisu mkononi mwangu, watu wote wananitazama, vigelegele! Absalom mwenyewe kanishikia sinia. Nikakata paja, nikaonja wa kwanza. Wakaniuliza, mzee, vipi?

Nikasema ukweli. Tairi.

Jumapili, 8 Mei

Kanisani Absalom kanipita kama nguzo. Truphosa anadai nimempandisha presha, nimpigie simu. Apige yeye! Mbuzi kachoma yeye. Aliyemkata ni mimi, na kwa heshima.

Jumamosi ijayo ndiyo harusi yenyewe. Nasikia keki ina ghorofa tano, kaoka mama mkwe wa Glory kwa mikono yake. Nimemwambia Truphosa anipigie pasi suti. Lazima mtu mkweli aionje kwanza.