Kiunzi Kilichotaka Jina

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Chuo kimefunguliwa! Yaani mlango umefunguliwa, kibali bado. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Akinipa kibali, mimi ndiye mwanzilishi wa chuo cha kwanza hapa Lurambi cha madaktari wa kutumia mikono. Daktari kamili, lakini kabla ya kukuandikia dawa anakupapasa mgongo kwanza. Nilisoma kwenye simu kwamba Marekani, majimbo yenye uhaba wa madaktari yanafungua vyuo vya namna hii. Uhaba tunao. Migongo pia tunayo: wakata miwa wetu wanatembea kama watu wanaotafuta sindano.

Nikinyimwa, nitarudi kuuza magodoro, na Khisa atanicheka mpaka Krismasi. Khisa ana shule ya udereva kule Shieywe. Wiki jana alitangaza kwamba naye anafungua chuo cha udaktari. Mtu ambaye wanafunzi wake wanagonga miti!

Nimenunua kiunzi cha mifupa cha kufundishia. Plastiki tupu, laini, hakina kasoro. Nimekitundika darasani.

Jumanne, 9 Septemba
Mchana, kabla mvua haijaanza, kiunzi kimetetemeka. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Meno yanagongana polepole, kama ya mtu anayesikia baridi. Wanafunzi wote mbio! Mitchel ameacha kiatu. Nikabaki nacho peke yangu. Sikuogopa. Nilitoka kwa sababu nilikuwa na shughuli nje.

Senje Teresa, shangazi yangu, amenyoosha viungo vya watu tangu sijazaliwa, na sasa ndiye profesa wangu. Amesema kinataka jina, kama mtoto mchanga anayelia bila kukoma. Tuite waliokufa, mmoja mmoja. Likifika jina lenyewe, kitatulia. Mitchel amesema bila hivyo hakanyagi tena darasani, na wenzake wakaunga mkono. Balaa. Mkaguzi atakagua nini, viti?

Halafu nikapata wazo. Chuo chenye neno “ukumbusho” kwenye kibao kinaheshimika. Nani atathubutu kufunga ukumbusho? Na kwa nini ningoje nife ndipo nikumbukwe? Nimemwomba shemeji yangu Tyson ajifiche kesho nyuma ya pazia, ashike kamba ya kiunzi. Likitajwa jina langu, avute, mifupa itulie. Akili hii sijui nilirithi kwa nani.

Jumatano, 10 Septemba
Tumesimama mbele ya kiunzi. Kinatetemeka. Senje akaita babu Wanzala. Bado. Akaita nyanya Namalwa. Bado. Akaita wote wa upande wa baba, kisha wa mama. Meno yanazidi tu. Nikapendekeza, kwa unyenyekevu, Isaiah Osundwa.

Senje akanigeukia kwa ukali. “Wee Isaiah! Mtoto akilia tunaitanga wale wametutangulia. Hatuitangi mtu bado anakula!”

Nikajiita mwenyewe, kwa sauti ya juu.

Kimya. Mifupa ikatulia. Hata mvua ikakatika. Kichwa kikageuka kidogo upande wangu. Kazi safi, Tyson! Nikafungua pazia nimpongeze. Hapakuwa na mtu.

Jioni Tyson amepiga simu kuomba radhi. Pikipiki ilimharibikia Mautuma, hakufika kabisa. Basi kamba ilinasa kwenye msumari.

Alhamisi, 11 Septemba
Kibao kimepakwa rangi: Chuo cha Ukumbusho cha Isaiah Osundwa. Wanafunzi wamerudi. Nimemsalimia Mitchel, hakuitikia. Vijana wa siku hizi! Simu yangu imekataa uso wangu, kisha ikakataa kidole. Simu za bei rahisi! Naliaka, mke wangu, ameandaa obusuma, ugali wetu, na ingokho, akagawia kila mtu mezani. Mimi hapana. Nilipouliza alishtuka, akasema alidhani nimeshakula. Kuku wangu mwenyewe!

Senje amepapasa kiunzi, akaondoa mkono haraka. Mtulinga wa kushoto, ule mfupa wa juu ya kifua, una fundo, mahali mfupa ulipovunjika ukaunga vibaya. Plastiki haivunjiki ikaunga. Na fundo hilo nalijua, ni langu! Nilivunjika utotoni nikichomoa miwa kwenye trela inayotembea, na ni Senje mwenyewe aliyenifunga. Nikajipapasa. Mfupa umenyooka, laini kabisa.

Senje akalia. Akanisihi nisimame mbele ya kiunzi, niseme niko hai, jina nalichukua, kibao kishuke leo hii. Ukweli, niliogopa. Lakini kibao kishuke, na mkaguzi anakuja kesho? Na Khisa je? Nimekataa. Isitoshe, nimepona mtulinga bila kuguswa na mtu. Tiba yetu inafanya kazi!

Ijumaa, 12 Septemba
Mkaguzi, Bi. Cherop, amefika. Nikampa mkono, akapita. Wakubwa ndivyo walivyo. Ameketi na Senje, akauliza marehemu mwanzilishi alikuwa mtu wa namna gani. Senje akajifunika uso kwa leso. Khisa akajibu! Alikuja na tai nyeusi, akasema tulishindana lakini nilikuwa mtu wa watu. Alilia machozi ya kweli. Sijawahi kufurahi hivyo maishani.

Bi. Cherop akatazama kiunzi, akauliza kwa nini hiki kinaonekana kama kinataka kusema kitu.

Kibali tumepewa! Nikapiga makofi kwa nguvu zangu zote. Hayakusikika, mvua ilikuwa kubwa.

Jumapili, 14 Septemba
Turubai limefungwa nyumbani kwangu, na viti vya kukodi. Watu wamejaa. Sikujua kibali kitasherehekewa hivi. Wanaimba nyimbo za kanisa, na Tyson anachimba kitu nyuma ya nyumba, bila shaka choo cha wageni.

Naliaka hajaniambia neno tangu Ijumaa. Nimekaa karibu yake. Ametetemeka, akaomba mlango ufungwe kwa sababu ya baridi. Inaniuma. Nampenda huyu mwanamke, na nimeshatambua kosa langu: chuo nimekipa jina langu pekee, lake nimelisahau.

Nitalirekebisha. Yule aliyeniuzia kiunzi amepita langoni leo. Siku hizi ndiye pekee anayeitikia salamu yangu. Anacho kingine, kidogo zaidi, cha kike. Kitatufaa kwa tawi la Mautuma. Kikianza kutetemeka, sitamngoja Senje na wazee wake. Nitasimama mbele yake na kuita Naliaka, kwa sauti yangu yote, mpaka kitulie.

Ndipo atanisamehe, na tutakaa tuongee kama zamani.