Maegesho Yangu Karibu na Uwanja

Jumatatu, 3 Machi
Mkutano wa mtaa. Mada: huu uwanja mpya wa mpira nyuma ya nyumba zetu una faida au hasara? Wifi yangu, dada yake Baba Watoto, akasimama. Akasema kodi ya nyumba imepanda kwa ajili ya uwanja, tiketi wanauza wenye timu, sisi tunaambulia kelele. Makofi! Kwa wifi! Bwana wa manispaa, yule wa tai nyekundu, akajibu kuwa faida itabisha hodi kila mlango. Sauti tamu jamani. Kila alichotaka tukubali, nikanyoosha mkono. Likaja pendekezo la usalama wa watoto siku za mechi, nikanyoosha yote miwili. Mama ni mama. Wifi akaniambia nimegeuka mlingoti. Tutaona.

Jumatano, 5 Machi
Nimepata! Magari. Watu watakuja na magari, na magari yatataka pa kukaa. Kiwanja chetu cha nyuma kinatosha kabisa. Tatizo ni bustani. Tangu Baba Watoto astaafu posta, mabiringanya ndiyo kazi yake, anayaamkia kama wakwe. Nilimwambia polepole, ameshashiba. Kodi imepanda kwa uwanja, basi uwanja huohuo utulipie. Akauliza kama ni pamoja na yale yaliyoanza kutoa maua. Nikasema hata hayo. Roho iliniuma. Lakini gari haliegeshwi juu ya maua.

Ijumaa, 7 Machi
Bustani kwisha. Peupe kama kipara. Baba Watoto ameokoa miche michache kwenye ndoo mbovu, amekaa nayo barazani. Nimechora mistari kwa chokaa. Mmoja umepinda, kosa la wifi, alichungulia juu ya ukuta akauliza kama nami najenga uwanja wangu. Nikamjibu kesho ataniomba kazi. Bango nimeandika mwenyewe: GARI LAKO LIKO KWA MAMA. Herufi zimebanana mwishoni, ila mwenye macho atasoma.

Jumamosi, 8 Machi
Mechi ya kwanza! Asubuhi nzima barabarani na kitambaa chekundu. Hakuna gari. Hata pikipiki! Watu wanapita kwa miguu, wananipungia, nami nawapungia. Nikamfuata askari njia panda. Akasema siku za mechi barabara imefungwa, wakazi wenyewe waliunga mkono mkutanoni ili watoto wasigongwe. Nikauliza ni mkazi gani huyo asiye na akili. Wifi alikuwa nyuma yangu. Akasema ni yule aliyenyoosha mikono miwili. Askari alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Kisha gari! Jeusi, linang'aa, kibali kwenye kioo. Nikaliongoza mpaka ndani. Akashuka Bwana Tai Nyekundu. Akanishukuru kwa mchango wangu kwa jiji, akasema gari la manispaa halilipi, akaomba maji. Nikampa maji. Nikampa na chai, mjinga mimi! Gari limevujisha oili palepale palipokuwa na yale mabiringanya ya maua.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwomba Baba Watoto radhi. Akasema udongo utapona, isipokuwa pale penye oili. Hakufoka. Hilo ndilo limenichoma zaidi. Mchana wifi kaleta miche ya biringanya, trei nzima. Nikasubiri kejeli. Haikuja! Nikakimbilia jikoni kulia, nikasingizia vitunguu. Jioni tumepanda sote watatu. Baba Watoto kaanza kupiga mluzi. Nimeapa mbele yao: bustani ni bustani, sitaigusa tena.

Jumanne, 11 Machi
Bwana Tai Nyekundu kaja kufuata mwavuli aliousahau. Akaninong'oneza kwamba siku ya fainali atakuja mkubwa mmoja wa mpira kwa helikopta, na hawajajua itatua wapi.

Helikopta! Haihitaji barabara! Askari wafunge wapendavyo!

Miche nimeirudisha kwenye trei, mmoja mmoja, kwa upole kabisa. Baba Watoto katoka kidogo, kaenda kununua mbolea. Kamba ya kuanikia nguo nimeshaishusha. Nasikia ile feni ya juu ya helikopta haichagui shati, hupeperusha lolote.