Nusu Kopo Kichwani mwa Nukta

Jumatatu, 9 Juni

Dada kaondoka saa moja asubuhi. Semina ya wauguzi, anarudi Jumamosi. Kaniachia nyumba, funguo na mpwa wangu Nukta, miaka minne, binti mdogo kama jina lake.

Kaniachia na onyo. Akirudi amkute mtoto kama alivyomwacha, nitaendelea kumlea mchana mpaka aanze shule. Akimkuta na kasoro, hata ya kifungo, Nukta anahamia kwa shangazi yake, mwalimu mstaafu, mji mwingine, ambaye chumba keshakipaka rangi. Nikacheka. Kasoro! Kwangu mimi, niliyepika melini miezi tisa, nikalisha mabaharia thelathini katikati ya mawimbi marefu kama ghorofa! (Haya, nilimenya viazi. Nani alikuwepo abishe?)

Saa nne wazo likanishukia. Mtaa mzima una nywele kavu. Dawa ipo jikoni: mafuta ya mgando, mafuta ya nazi, mafuta ya kupikia, manukato ya dada matone sita. Nikakoroga, nikamimina kwenye kopo tupu la maziwa, nikaipa jina: Taji.

Ila bidhaa bila kichwa cha mfano ni maneno matupu. Nukta kajitolea mwenyewe. Nikampaka nusu kopo.

Mwanangu alivyong'aa! Niliuona uso wangu utosini mwake. Nilipendeza.

Jumanne, 10 Juni

Mto wa Nukta unafanana na karatasi iliyofungiwa samaki wa kukaanga. Ukutani kuna mistari ya mafuta, yote kimo cha mtoto wa miaka minne. Kitasa cha mlango hakishikiki. Nimejifungia chooni nusu saa bila kupenda.

Nikamwogesha. Ndoo mbili za maji kwanza, halafu sabuni ya mche. Maji yakateleza kama nasaha kwenye sikio la mlevi. Povu likagoma. Ndoo ya tatu. Ndoo ya nne. Mtoto kalowa kuanzia shingo kwenda chini, nywele kavu kabisa! Kavu kwa maji, maana mafuta yamejaa tele.

Msusi, jirani yetu wa ua mmoja, kaacha kichwa cha mteja kaja kutazama. Kaniuliza, eti Kapteni, unaosha au unakaanga? Kasema nimfuate kibarazani kwake anielekeze, jambo la dakika tano. Nimfuate? Mwanamke aliyewatangazia wateja wake kwamba meli yangu ilikuwa pantoni? Nikamjibu kuwa mtu aliyevuka bahari havuki ua.

Jioni Nukta karudi kutoka kucheza kibarazani kwa huyo huyo. Kaanza: Mjomba, Mama Msusi kasema sabuni... Nikamkatiza hapo hapo. Mtoto hamfundishi kazi mpishi wa meli.

Jumatano, 11 Juni

Nimekumbuka elimu ya bahari! Mafuta yakimwagika sakafuni jikoni, tulikuwa tunamwaga unga, unga unanyonya, tunafagia. Rahisi. Sijui kwa nini sikuanza na hili.

Nikamlowesha Nukta kichwa kwanza, ili unga ushike vizuri.

Ukashika. Kilo nzima ya unga wa ngano. Unga, maji, mafuta. Mtu aliyepika melini alipaswa kujua kinachofuata. Kikafuata. Nukta kajishika kichwa, kakibonyeza, kauliza kwa adabu ataingia kwenye oveni saa ngapi.

Kuku wa Msusi wakamwona. Saba. Wakamfuata kwa mstari kutoka uani mpaka sebuleni, sebuleni mpaka uani, kama wanafunzi nyuma ya mwalimu. Mmoja kamrukia begani kaanza kudonoa mkate. Nukta kafurahi, kawapa wote majina. Mimi nikakaa kizingitini nikashika kichwa changu.

Saa tatu za kitana, donge kwa donge, huku nikimwimbia asilie. Unga umetoka. Mafuta yamebaki pale pale. Yananicheka.

Alhamisi, 12 Juni

Siki. Chupa nzima, baada ya ndoo mbili za maji. Nilimfunga kitambaa machoni, nikamwambia yeye ni rubani. Kashangilia. Mafuta hayakushangilia wala hayakuondoka. Sasa mtoto ana mafuta yenye harufu.

Mchana kaenda kucheza na rafiki yake wa chumba cha pili. Karudi baada ya dakika mbili. Hakulia. Kakaa kwenye kistuli chake kaniuliza kama yeye ananuka. Nikamwambia ananukia. Kasema rafiki yake kamwambia ananuka jiko na hachezi na jiko. Hapo ndipo kalia.

Nimewahi kuona baharia mzima akililia nyumbani kwao. Haikuniuma hivi.

Kama hayo hayatoshi, saa kumi simu. Shangazi! Kataka kusema na mtoto mwenyewe. Nikamnong'oneza Nukta asiseme neno kuhusu kichwa. Nukta kashika simu kasema: Shikamoo shangazi, kichwa changu kilikuwa mkate. Halafu shangazi kanitaka mimi. Kaniambia kwa sauti ile ya kusahihisha madaftari kwamba Jumamosi atakuja pamoja na dada. Na kwamba pazia la chumba ni la waridi, anadhani Nukta atalipenda.

Sikula. Nukta kaniletea kijiko, kaniambia nile nisije nikakonda.

Ijumaa, 13 Juni

Siku ya mwisho. Nimemwogesha mara mbili, maji kwanza, sabuni baadaye, kama binadamu wote. Bure. Ukimbusu mtoto huyu midomo inateleza mpaka sikioni.

Saa nane nikachukua mkasi.

Niandike ukweli, daftari halina mdomo. Nukta alizaliwa hana hata unywele. Alikaa hivyo mpaka miaka miwili. Dada alikuwa akiupapasa utosi ule kila asubuhi kabla ya kwenda wodini, na siku unywele wa kwanza ulipotokeza alinigongea mlango nije kuushuhudia. Tuliutazama wawili kama tunatazama mwezi umeandama. Sasa huyu hapa mjomba, mkasi mkononi.

Nukta kaniangalia. Kauliza: Mjomba, ukizikata, mama atanijua?

Mkasi ukaniponyoka. Haukuponyoka kwa mafuta.

Nikavuka ua. Hatua kumi na mbili, nimezihesabu, bahari ilikuwa fupi. Kibarazani wateja wanne, wote macho. Nikamwambia Msusi, dada yangu, nimeshindwa. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Kafuta kiti, kamkalisha Nukta, kasema atanicheka kesho, leo mtoto kwanza.

Halafu nikaona maajabu. Maji hakugusa! Kanyunyiza wanga mkavu kichwani kukavu, kangoja, kachana taratibu. Wanga ukatoka umebeba mafuta. Karudia. Halafu sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo kiganjani, kaisugua kwenye nywele kavu vile vile, povu lisifike machoni. Mwisho kabisa ndipo maji ya vuguvugu. Nywele zikatoka laini, nyeusi, zinacheza!

Kaniambia kosa langu moja tu: maji na mafuta hayapatani, ukitanguliza maji sabuni haipati pa kushika. Kanilazimisha niseme mara tatu mbele ya wateja: kavu kwanza, maji mwisho. Nikasema. Nukta kaongeza kwamba Jumanne alitaka kuniambia hivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Juni

Wamefika saa sita. Dada na begi, shangazi na miwani.

Shangazi kamkagua mtoto kama anasimamia mtihani. Kucha. Masikio. Kazinusa nywele, kazipitishia mikono, kaitazama mikono. Safi! Kaniuliza habari ya mkate. Nikasema watoto wa siku hizi wana ndoto za ajabu.

Dada alikuwa ameshaanza kutabasamu. Ndipo kuku saba wakaingia sebuleni kwa mstari, wakasimama mbele ya Nukta, wakangoja.

Nikasema mtoto anapenda wanyama.

Dada kaenda chumbani. Karudi na ule mto, kaushika kwa vidole viwili. Nikajua pazia la waridi limeshinda. Nikaanza kusema kwamba nguo za mtoto nitazikunja mwenyewe, anapenda zile za njano ziwe juu.

Nukta kaja kaning'ang'ania mguu kama kupe. Shangazi kamvuta. Hakutoka. Kamwahidi pazia. Hakutoka. Kamwahidi chumba kizima. Nukta kasema chumba kiletwe hapa.

Dada kauweka mto chini. Kasema mtoto atabaki. Ila nikipaka tena kitu kichwani mwa Nukta, nitafute meli nyingine. Nikaapa. Nililia kidogo, nikasingizia siki.

Jumapili, 15 Juni

Mtu mwenye akili hujifunza. Nimejifunza! Kichwani mwa Nukta sipaki kitu tena maishani. Kiapo ni kiapo.

Sasa, dada amelala kwenye kochi tangu saa saba mchana. Semina imemchosha, nywele zake zimekauka kwa jua na safari, zinatia huruma. Na mimi sijamshukuru ipasavyo. Taji lenyewe halikuwa baya, kipimo tu. Kopo lina nusu. Nimempaka zawadi yake polepole, hakuamka. Anang'aa kama malkia!

Labda nimezidisha kidogo. Limeanza kumwagika kwenye kochi. Sina wasiwasi, dawa naijua sasa. Nimemtuma Nukta alete ndoo ya maji.

Nukta kasimama na ndoo yake mlangoni. Kauliza: Mjomba, maji kwanza?

Nimemwambia mtoto hamfundishi kazi mpishi wa meli.