Chupa Nusu, Hewa Nusu

Jumatatu, 3 Machi
Kosa la wengi ni kuamini kifuniko. Wanakikaza, wanapiga kifua. Hewa iliyomo ndani wameisahau! Ndege ikipaa, hewa ya nje hupungua nguvu, ya chupani hutanuka na kusukuma kila kilichomo. Nimefundisha haya mpaka sauti ikakauka.

Binti yetu anasafiri Alhamisi kufungua saluni ugenini. Atabeba mafuta ya nywele: yangu na ya shemeji. Yatakayofika salama ndiyo atakayoyauza. Mbinu yangu: chupa nijaze nusu tu, hewa ipate pa kutanukia. Mama watoto akauliza nani atanunua nusu chupa. Nikaendelea kupima. Sayansi haina haraka.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji kaja na vifuko vyake laini. Anavikamua hewa yote itoke, ndipo anafunga. Vimesinyaa kama soksi! Nikamwonea huruma. Akaniuliza, eti mwalimu, tangu lini unauza hewa? Dada yake, yaani mama watoto, akacheka. Kidogo, lakini nilimwona.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepanga chupa mwenyewe, katikati ya nguo, zisigongane. Binti akanikumbatia, akaniambia nipunguze kubishana na mjomba wake. Nyumba imepoa. Kikombe chake bado kiko mezani. Hakuna aliyethubutu kukiosha.

Jumamosi, 8 Machi
Binti kapiga simu. Balaa! Chupa zangu zimesukuma vifuniko, mafuta yametapakaa sanduku zima, mpaka kwenye gauni la siku ya ufunguzi. Vifuko vya shemeji vilivimba kidogo, vikatulia. Halikuvuja hata tone! Rafu ya kuuzia pale saluni ni ya shemeji.

Kisha akasema, Baba, usijali, nguo zote zinanukia nyumbani; jana nimelala nimevaa moja. Mama watoto akageukia dirisha. Binti ameomba chupa moja tu, ya nywele zake mwenyewe. Rafiki yake atasafiri nayo.

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kajitolea kunionyesha namna ya kukamua. Nikamwambia kwa upole kwamba fizikia haikamuliwi. Nimetafakari tangu asubuhi, na sababu ni wazi: nafasi ilikuwa ndogo. Safari hii nitajaza robo tu. Na vile vifuniko, kumbe vililegea.

La kufanya leo: nunua koleo, ukaze.